Mtani wa Baba na Jumba la Sinema

Mimi ni mtu wa majengo ya zamani. Walimu wenzangu hunicheka. Jumamosi wao wako kwenye vikoba na sherehe za kipaimara, mimi niko nyuma ya stesheni ya reli napiga picha bati lililoliwa na kutu. Nimeuzunguka karibu mji wote wa Morogoro kwa mtindo huo. Nimepanda hadi kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani kule juu mlimani, ambako watu wameandika majina ya wapenzi wao ukutani kwa mkaa. Nimekaa kwenye ngazi za jengo la maduka ambalo nakumbuka lilivyofunguliwa kwa mbwembwe, tarumbeta na keki, na sasa limebaki na fundi simu mmoja, saluni moja na harufu ya popo. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Jengo kuzeeka ni haki yake, lakini lile hata ujana halikuupata.

Jengo moja tu nililipita kwa miaka bila kulipiga picha, nalo ni jumba la sinema la pale mjini. Si kwamba sikulipenda. Ningelipiga picha ningetaka kumwonyesha baba, ninayeishi naye Kihonda, na baba alikuwa hataki hata kusikia linatajwa. Mlangoni pa jumba lile alikuwa anakaa mtani wake, na baba alikuwa amemnunia.

Kwa wageni wa mambo haya niseme kidogo. Sisi ni Waluguru. Yeye ni Mnyamwezi. Wazee wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita na mizigo kwenda pwani walipumzika kwenye nchi yetu, na kutokana na kujuana huko ukazaliwa utani ambao mpaka leo haujafutwa na mtu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia jikoni kwako, akafunua sufuria, akala. Anaweza kukamata kitu chako akaondoka nacho, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unamfuata, unakigomboa kwa soda au kwa kuku, naye anakutukana tena wakati anakirudisha. Ukikasirika umekosa wewe. Na msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya vituko ambavyo mtu mwingine akivifanya atapigwa.

Baba alikuwa karani wa mizigo pale stesheni. Mtani wake alikuwa fundi wa mashine ya sinema. Mikanda ya filamu ilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, ndani ya masanduku ya bati mazito, na aliyeyapokea ni baba. Hapo ndipo walipokutana, na hapo ndipo vita vilipoanzia. Sanduku likishafika, baba alilikalia. Namaanisha alilikalia kwa makalio yake, palepale ofisini, miguu mbele, akaagiza chai.

"Nenda kawaambie watu wako leo hakuna picha," alimwambia. "Mizigo kubeba mnajua, lakini kuichukua kwa adabu hamjafundishwa. Babu zako waliutua mzigo pale Mikese wakashindwa kuuinua mpaka leo."

"Na wewe inuka tuone," Mnyamwezi alijibu. "Mtu wa milimani ana mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi. Ukisimama kwenye tambarare unaanguka."

Watu walikuwa wamejaa sinema, wanapiga miluzi, wanagonga viti vya mbao, na stelingi wao, yule shujaa wa picha, amekaliwa na Mluguru stesheni. Mwishowe soda ilinunuliwa, sanduku likaachiwa. Lakini Mnyamwezi naye hakukosa kisasi. Kabla ya picha kuanza walikuwa wakionyesha matangazo kwa vioo vidogo vilivyoandikwa kwa mkono, ya sabuni, ya duka la vitambaa. Siku moja baba amekaa na mama yangu, amevaa shati la kwendea kanisani, mara ukutani likatokea tangazo lenye herufi kubwa kwamba Mluguru wa stesheni atoke nje mara moja, mbuzi wake wako kwenye mchicha wa watu. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Mama aliicheka hadithi hiyo mpaka uzeeni. Baba naye aliisimulia kwa kiburi, kama mtu aliyetajwa redioni.

Kitu walichogombania zaidi ya vyote ni kofia. Mnyamwezi alikuwa na kofia ya pama, ya kahawia, yenye utepe mweusi. Baba aliikamata mara ya kwanza siku ambayo sanduku halikuja, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kukalia. Tangu hapo ile pama haikutulia. Ukikutana nayo sokoni usingeweza kujua iko kwenye kichwa cha nani. Nilipokuwa msichana mdogo nilidhani kila mwanamume mkubwa ana kofia ambayo lazima mwenzake amnyang'anye.

Mama alipofariki, Mnyamwezi alikuja. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, nimevimba macho, nimekaa kwenye mkeka na wanawake. Nikamwona anaingia uani amejifunga kanga ya mama kiunoni, sijui aliitoa wapi, anatembea kwa mwendo wa mama hasa, ule wa kuvuta kisigino, na anamkaripia baba kwa sauti ya mama kwamba ameacha mlango wazi kuku wameingia ndani. Kisha akaenda kulala chali kwenye njia ambayo jeneza lingepita, akasema mtu wa milimani hazikwi mpaka yeye apewe chai. Wanawake walicheka huku wanalia. Baba, ambaye tangu kifo kitokee alikuwa hajafungua mdomo, alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimpenda sana Mnyamwezi siku ile. Nadhani alimrudisha baba yangu duniani.

Ndiyo maana mke wa Mnyamwezi alipofariki, baba alijiandaa. Alijiandaa kama mtu anayekwenda kulipa kitu kikubwa. Alimkumbuka marehemu alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema jambo, alivyokuwa akishika kidevu, akafanya mazoezi mbele yangu sebuleni. Nilimwambia, baba, watoto wao wamekulia Dar es Salaam, sijui kama wanayajua haya. Akanikata jicho. Utani hauombi ruhusa kwa watoto, alisema.

Sinema wakati huo ilikuwa imekwisha kufungwa zamani. Ilishakuwa ghala la magodoro, ikawa ukumbi wa maombi, kisha haikuwa kitu. Mnyamwezi alibaki pale kama mlinzi, na familia ilikaa kwenye vyumba vya nyuma, kwa hiyo msiba ulikuwa palepale, uani, chini ya ule ukuta mrefu. Baba akaingia amejifunga kanga. Akakohoa. Akashika kidevu. Hakuna aliyecheka. Waombolezaji wengi walikuwa watu wanaosali na watoto wake na majirani wapya, wakamtazama kama mtu aliyepotea njia. Baba akadhani bado hajawakolea, akaongeza sauti. Jeneza lilipotolewa akalala njiani.

Kijana mkubwa wa marehemu, amevaa suti nyeusi, akamshika ukosi.

"Mzee, umelewa? Hii ni maiti ya mama yangu!"

Baba alikuwa chini, anamtazama mtani wake. Hiyo ndiyo ilikuwa zamu ya Mnyamwezi. Alipaswa kucheka, au kumtukana, au kusema tu mwacheni huyo ni mtani wangu, na kila kitu kingekaa sawa. Mnyamwezi alisimama na kofia yake mkononi, akamtazama baba, kisha akatazama pembeni. Baba akaamka, akajikung'uta vumbi, akaifungua ile kanga akaikunja vizuri, akaniambia twende.

Kwa desturi aliyemkosea mtani hupigwa faini ya kuku, na baba alisema hatamkanyagia mlango yule mtu mpaka alete kuku. Siku za mwanzo nilimsikia akikisia kuku huyo atakuwa wa rangi gani. Aliamini kabisa atakuja. Kila lango la uani lilipolia aliinua shingo. Miezi ikapita, ikawa mwaka, ikawa miaka, kuku hakuja, na baba akageuka mtu asiyetaniwa na mtu yeyote. Nilijaribu mimi mwenyewe, siku moja nikamwambia miguu yake haiko sawa. Akanijibu kwa upole kwamba goti linamsumbua.

Mwaka huu wakaweka uzio wa mabati kuzunguka sinema. Nilijua maana yake hata kabla ya kuuliza. Zitajengwa fremu za maduka chini mpaka juu, vioo vya buluu, na baada ya miaka michache nitakwenda kukaa kwenye ngazi zake nisikie harufu ya popo. Nilikwenda Jumamosi hiyohiyo na simu yangu, safari hii bila kujali nani ananuna. Mafundi walikuwa wanafungua bati za paa. Viti vya kukunja vilikuwa vimetolewa nje, vimepangwa kwenye jua bado vimeungana safu safu, na kwenye safu ya mbele alikuwa amekaa Mnyamwezi, pama kichwani.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba vizuri kabisa, akaniuliza habari za nyumbani, habari za kazi, akaniambia nikae nipumzike. Nilimwambia mimi ni binti wa yule Mluguru wa stesheni. Akasema, "Aa, vizuri sana. Msalimie sana mzee." Binti yake alikuwa ndani anafunga mizigo. Alikuwa amekuja kumchukua baba yake, wanahamia Tabora, lori linaondoka wiki ijayo. Tuliongea kidogo mimi naye, kwa heshima, dada hivi dada vile. Kwa haki ya kabila zetu tungepaswa kutukanana, lakini hakuna kati yetu aliyejua pa kuanzia.

Jioni nilimweleza baba yote. Nilimwambia wazi kwamba akienda Tabora ndiyo basi, hawataonana tena, na kama anamtaka kuku wake amfuate sasa.

"Amesemaje?" akauliza.

"Amesema nikusalimie sana, mzee."

"Mzee? Ameniita mzee?"

"Ndiyo. Ana adabu kweli siku hizi."

Baba aliweka kikombe mezani. Uso wake ulibadilika, nikafikiri ni hasira. "Adabu ya nini," alisema. "Mimi na yeye hatujawahi kuwa na adabu." Niliingia jikoni, na niliporudi nikakuta amevitoa viatu vyake vyeusi, anavipaka rangi.

Kesho yake tulikwenda kwa bajaji. Baba alikuwa amenyoa ndevu. Njiani midomo yake ilikuwa inacheza, nikajua anajaribu matusi, anachagua, na nilifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimefurahi kwa miaka. Nilijisemea wazee hawa watagombana kidogo, watacheka, nitawapiga picha wawili mbele ya sinema yao kabla haijaanguka, na picha hiyo nitaitundika sebuleni. Nilikuwa nimeshachagua mpaka ukuta.

Paa lilikuwa limekwisha kutoka lote. Mlango mkubwa ulikuwa wazi, na kwa ndani uliuona ule ukuta mweupe uliokuwa ukionyeshewa picha, umejaa jua. Mnyamwezi alikuwa palepale kwenye kiti chake. Baba akajivuta, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Wewe mpagazi! Bado hujaubeba huu mzigo ukaondoka nao? Jengo lote hili linakushinda? Kuku wangu yuko wapi?"

Nilisimama nikitabasamu, simu mkononi. Mnyamwezi aliinua uso. Alimtazama baba kwa makini, kutoka viatuni mpaka kichwani. Halafu akainuka kwa shida, akishika mgongo wa kiti, akampa baba mikono yote miwili.

"Karibu, mzee wangu," alisema. "Pole na jua. Karibu ukae."

Baba hakukaa. Akajaribu tena, sasa kwa sauti ya juu, habari za Mikese, habari za sanduku la bati, habari za tangazo la mbuzi. Yale matusi aliyoyachagua njiani aliyamwaga yote. Mnyamwezi alisikiliza akitikisa kichwa taratibu, kama unavyomsikiliza mgeni anayeeleza matatizo yake. Kila baba aliponyamaza, yeye alisema, "Pole sana, mzee." Binti yake akatoka mbio, kitambaa mkononi, amesikia mtu anamfokea baba yake.

"Shikamoo baba," alimwambia baba yangu, na ilionekana anajizuia. "Samahani, kuna tatizo gani?"

Nikamvuta pembeni nikamweleza. Huyu ni mtani wake wa tangu ujana. Hagombi, anamsalimia. Yule dada akaziba mdomo na kile kitambaa.

"Ndiye aliyelala njiani siku ya mama?" akauliza.

Nikasema ndiye.

"Kaka yangu alijuta baadaye, watu walipomweleza. Lakini hatukumjua mtu wa kumwomba radhi." Alimtazama baba yake. "Na baba asingeweza kutuambia. Ugonjwa huu wa kusahau ulianza kabla mama hajafa, mama alikuwa anaficha. Siku ile pale makaburini aliniuliza, yule mzee aliyelala chini ni nani, mbona hakuna aliyemsaidia kuinuka?"

Hakusema kwa kunong'ona. Baba alikuwa karibu, na masikio yake hayana tatizo lolote. Nilimwona akikaa sasa, taratibu, kwenye kiti cha pili cha ile safu, na kiti kikalia kwa kutu. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kumsogelea. Miaka yote ile alikuwa anasubiri kuku kutoka kwa mtu ambaye aliwauliza watu mbona hawakumwinua. Mimi nimezoea kuhuzunika kwa ajili ya bati na mbao, na ninafanya hivyo kwa raha, nakiri, ni huzuni ya mtu mwenye simu nzuri. Hii haikuwa na raha yoyote.

Walikaa hivyo wazee wawili, wanawatazama mafundi. Mnyamwezi alimweleza baba kwamba hapa zamani palikuwa na picha. Watu walikuwa wanajaa, alisema. Baba akasema, "Nimesikia." Mnyamwezi akamwuliza kama naye aliwahi kuja kuangalia. Baba akasema aliwahi, mara chache. Hakukuwa na utani hata kidogo katika sauti yake. Walikuwa wazee wawili wenye heshima zao, wamekutana kwenye benchi la kituo, na mimi ningetoa kila picha niliyowahi kupiga ili mmoja wao amtukane mwenzake.

Binti alipotuletea maji, baba alikunywa, akashukuru, akasema inatosha, jua limekuwa kali. Aliinuka. Mnyamwezi naye akainuka kumsindikiza, ingawa hapakuwa na pa kusindikizana. Hapo baba akafanya jambo ambalo nililiona linakuja. Alinyoosha mkono, akaitwaa ile pama kichwani kwa mtani wake, kwa mwendo uleule wa haraka niliouona nikiwa msichana mdogo, akaiweka nyuma ya mgongo. Akangoja. Nilimwona anangoja kwa mwili mzima, magoti yamekunjwa kidogo, tayari kukimbia na mzigo wake kama mtoto. Yule dada aliinua mkono, nikamshika.

Mnyamwezi alipapasa kichwa chake kilichobaki wazi. Nywele zilikuwa nyeupe zote, na chache. Alimtazama baba, akatabasamu kwa wema ambao sitausahau.

"Chukua tu, mzee wangu," alisema. "Una safari, na jua hili litakuumiza. Mimi nipo nyumbani."

Baba aliirudisha mbele ile kofia, akaishika kwa mikono miwili. Fundi mmoja juu ya ukuta akaacha kugonga akatutazama.

"Asante," baba alimwambia.

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akimwambia neno hilo mtu yule.